Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kuwaenzi Wanasoka wa Zamani wa Shule za Sekondari kwa Tabia na Kujituma

Tangu tuanze kuwaenzi wachezaji wa zamani wa timu ya shule yetu, simu haziishi. Wanaopiga ni walimu wa michezo, wenyeviti wa umoja wa waliosoma shule fulani, na mara nyingine ni mtoto anayeuliza kama baba yake aliyecheza beki mwaka 1984 bado anaweza kukumbukwa. Majibu nimeyatoa kwa mdomo mara nyingi, sasa nimeyaandika. Shule yetu ni ya serikali, ya bweni, na uwanja wake una mwembe nyuma ya goli la upande wa bwalo. Mimi ni katibu wa kamati. Sikuwahi kuichezea timu. Nilikuwa mbeba ndoo ya maji, na kwa kazi hiyo niliwaona wachezaji kwa karibu kuliko washangiliaji wengi.

Kwa nini mnaangalia tabia na kujituma badala ya mabao?

Mfungaji alishalipwa siku ile ile. Alibebwa mabegani kutoka uwanjani hadi bwaloni, jina lake likaimbwa mpaka taa zikazimwa. Lakini aliyeamka saa kumi na moja alfajiri kuchora mistari ya uwanja kwa majivu ya jikoni, na jioni akacheza dakika tisini, nani alimpigia makofi?

Halafu mpira wa shule ni wa muda mfupi. Ni miaka minne, au sita kwa aliyefika kidato cha sita. Wengi wao wakishavua ile jezi hawavai nyingine tena, labda ya ndondo mtaani. Miguu inazeeka. Kinachobaki kwa mtu ni vile alivyozoea kuishi na wenzake kambini, wakati wa njaa, wakati wa kufungwa, wakati refa amekosea.

Tabia njema mnaipimaje? Kila mtu atasema mtu wake ana tabia njema.

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na kamati nyingi hukwama hapa. Kanuni yetu ni moja: mtu hapendekezwi kwa sifa, anapendekezwa kwa kisa. Fomu ikija imeandikwa "alikuwa na nidhamu, mnyenyekevu, mpenda watu," tunairudisha. Tunataka kujua alifanya nini, lini, wapi, na nani aliona. Mashahidi wawe wawili, na mmoja wao asiwe rafiki yake. Anaweza kuwa mchezaji wa shule pinzani, mpishi, mlinzi, dereva wa lile lori lililowapeleka mashindanoni, au mwalimu aliyewahi kumwadhibu.

Nitoe mfano wa kwetu. Ilikuwa nusu fainali ya wilaya ya UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania. Anayejua mashindano yale anajua pia neno mamluki, yaani kijana asiye mwanafunzi wa shule hiyo anayechezeshwa kwa jina la mwanafunzi. Winga wetu alikuwa anaumwa malaria, na asubuhi ile akaletwa kijana wa mtaani, fundi kweli wa mpira, akapewa jezi na jina la mgonjwa. Nahodha wetu alikuwa amekaa chini ya mwembe anafunga kamba za viatu. Ndoo yangu ilikuwa pembeni yake, kwa hiyo nilimsikia vizuri. Alisema, bila kupaza sauti, "Mwalimu, shikamoo. Mimi na huyu sitaingia. Simchukii. Ila jina alilopewa ni la mwenzetu aliyelala bwenini." Kisha akaendelea kufunga kamba.

Yule kijana alivuliwa jezi, akaingizwa mchezaji wa akiba, tukafungwa tatu bila. Usiku ule bwaloni hakuna meza iliyompa nahodha nafasi. Wiki iliyofuata akavuliwa unahodha.

Miaka ishirini na kitu baadaye jina lake lilipoletwa kwenye kamati, mimi nilitoa ushahidi wangu. Shahidi wa pili alikuwa mama mpishi, ameshastaafu. Alisema nahodha yule alikula ugali wake jikoni, juu ya gunia la maharage, siku nane mfululizo, na kila siku aliosha masufuria kabla ya kuondoka. Siku nane! Mama yule alizihesabu na hakuzisahau.

Kisa cha namna hiyo mtu hawezi kukitunga ili kumpendelea ndugu yake. Ndiyo maana tunadai visa.

Na kujituma?

Kujituma kunaonekana zaidi kwa asiye na kipaji kikubwa. Tuliwahi kumuenzi golikipa namba tatu ambaye kwa miaka yake yote alicheza mechi mbili tu, zote za kirafiki. Lakini kila jioni yeye ndiye aliyesimama golini wenzake wakipiga penalti, hata siku za mvua, kwenye dimbwi lile mbele ya goli ambalo halikaukagi hadi Juni. Waliokuja kumsemea ni wale makipa wawili waliompokonya namba.

Lazima awe amefika Ligi Kuu au timu ya taifa?

Hapana. Wala aliyefika hazuiwi. Wapo waliotoka kwenye viwanja vya shule wakaenda mbali sana. McDonald Mariga na mdogo wake Victor Wanyama walipitia Kamukunji High School, Nairobi. Mariga alikuwa katika kikosi cha Inter Milan kilichotwaa Ligi ya Mabingwa ya Ulaya mwaka 2010, na Wanyama aliifungia Celtic bao la kwanza walipoifunga Barcelona 2 kwa 1 mjini Glasgow, Novemba 2012. Shule yenye vijana kama hao ina kila haki ya kujivunia.

Ninachoomba ni kwamba siku mnapomwalika nyota wenu, mtafuteni na yule aliyecheza naye upande ule ule wa uwanja. Mara nyingi yuko umbali wa nauli moja ya bodaboda kutoka shuleni.

Hakumaliza shule. Anahesabika?

Anahesabika, na mtafuteni kwa bidii zaidi. Kabla ya elimu bila ada kuanza Januari 2016, vijana wengi waliondoka kidato cha pili au cha tatu kwa sababu ya ada, na wachezaji walikuwemo. Mtu ambaye aliichezea shule Jumamosi akarudishwa nyumbani Jumatatu hakupoteza haki ya kukumbukwa. Ukweli ni kwamba sisi tulimpoteza.

Vivyo hivyo kwa wasichana. Soka la wasichana lipo UMISSETA, na wengi hawajui kwamba shule zao ziliwahi kuwa na timu nzuri ya wasichana. Baadhi ya wachezaji wale waliondolewa shule kwa sababu ya ujauzito, na hadi Novemba 2021, serikali ilipotangaza kuwaruhusu kurudi, mlango ulikuwa umefungwa. Mwanamke aliyekuwa nahodha wa timu na akatoka shule kwa njia hiyo, kwangu anastahili kuitwa mbele ya wanafunzi kama mwenzake yeyote. Mwulizeni kwanza yeye mwenyewe anataka nini kisemwe. Akisema jambo lile lisitajwe, lisitajwe.

Kumbukumbu hatuna. Tuanzie wapi?

Anzieni kwa walimu wastaafu, kabla ya makabati. Mwalimu wa michezo wa zamani ana picha chini ya kitanda, na nyuma ya picha ameandika majina kwa kalamu. Ukiikuta picha hiyo, piga picha pande zote mbili.

Kisha nendeni kwenye rejesta za mahudhurio, kitabu cha matukio ya shule, na vyeti vilivyotundikwa ofisini kwa mkuu. Kuwe na subira na miaka ya mwanzoni ya 2000, michezo ilipoondolewa mashuleni. Kipindi hicho mtakuta pengo, wala si kwamba waliosoma wakati ule hawakuupenda mpira. Walicheza jioni bila jezi wala refa, na kwa kundi hilo ushahidi wa mdomo ndio kumbukumbu pekee mtakayoipata. Kwetu tumeshamuenzi mmoja wao. Alikuwa akishona mipira ya shule iliyopasuka kwa uzi wa viatu ili wadogo zake wapate cha kuchezea.

Tuistaafishe namba ya jezi yake?

Huko Marekani shule nyingi hufanya hivyo: namba inatundikwa ukutani na haivaliwi tena. Mimi sipendekezi. Shule zetu zina seti moja ya jezi, kumi na sita zikizidi sana, na namba 6 ikistaafishwa kuna mtoto atakayecheza na jezi iliyoandikwa kwa maka. Afadhali namba hiyo apewe kila mwaka mchezaji atakayechaguliwa na wenzake kwa nidhamu, na mwenye namba wa zamani amkabidhi kwa mkono wake. Sisi ndivyo tunavyofanya. Kuna mzee mmoja aliishika ile jezi akaipeleka puani kabla ya kuitoa. Hakusema neno, na hakuna aliyemharakisha.

Je, uwanja au jengo linaweza kupewa jina lake?

Linaweza, lakini fuateni taratibu hadi mwisho kabla ya kuchora kibao. Wakazi wa Dar es Salaam wanakumbuka Juni 2018, mtaa mmoja wa Ubungo ulipopewa jina la Victor Wanyama alipokuwa ziarani nchini, akapigwa picha mbele ya kibao chake, na muda mfupi baadaye kibao kikaondolewa kwa maelezo kwamba utaratibu haukufuatwa. Kosa halikuwa la mgeni, ila aibu ilimgusa yeye. Kwa shule ya serikali, ongeeni na mkuu wa shule, kisha bodi, kisha halmashauri, na barua ya kukubaliwa iwe mkononi kabla hamjamwambia mhusika chochote.

Mfano ninaoupenda uko mbali, Alexandria, jimbo la Virginia, Marekani. Mwaka 1971 wanafunzi wa madarasa ya juu wa shule tatu za mji ule waliunganishwa katika shule moja, T.C. Williams High School, na vijana weusi na weupe ambao hadi jana yake walikuwa wapinzani wakajikuta timu moja ya mpira wa Kimarekani, ule unaobebwa mkononi. Kocha mkuu alikuwa Herman Boone, mtu mweusi, na Bill Yoast, mzungu, akakubali kuwa msaidizi wake. Nahodha mmojawapo alikuwa Gerry Bertier, mlinzi. Walishinda mechi zote 13 na ubingwa wa jimbo. Usiku wa tarehe 11 Desemba 1971, baada ya hafla ya kuipongeza timu, Bertier alipata ajali ya gari na kupooza kuanzia kiunoni kwenda chini. Hakujifungia ndani. Aliingia michezo ya watu wenye ulemavu, akarusha tufe akiwa kwenye kiti cha magurudumu na kushinda dhahabu, na akapigania haki za wenzake wenye ulemavu, hadi ajali nyingine ya gari ilipomuua Machi 1981. Ukumbi wa michezo wa shule ile ukapewa jina lake.

Angalieni walichokiheshimu pale. Msimu wa ubingwa ulimpa umaarufu, lakini miaka ile tisa ya kiti cha magurudumu ndiyo iliyowaonyesha kwamba unahodha haukuwa wa uwanjani tu.

Zawadi gani inafaa? Tutoe fedha?

Ngao ya mbao ya mninga, iliyochongwa na fundi wa hapo hapo mjini, inadumu kuliko kombe la plastiki lenye rangi ya dhahabu. Kiandikwe kile kisa kwa sentensi moja, chini ya jina. "Alikataa kucheza na mamluki, nusu fainali ya wilaya." Mjukuu wake akisoma ataelewa.

Kuhusu fedha, mwulizeni mtu hali yake kimya kimya, nyumbani kwake, kabla ya siku yenyewe. Wapo wanaohitaji dawa ya presha kuliko ngao. Tuliwahi kumlipia mmoja bima ya afya ya familia, na hilo halikutangazwa kwenye kipaza sauti, wala hapa sitataja zaidi. Bahasha ya hadharani inamfanya mtu aonekane ameitwa kusaidiwa, na heshima yote inapungua.

Na hakikini majina! Mwaka wetu wa kwanza tulikosea herufi moja ya jina la baba yake mzee mmoja. Aliipokea ngao, akapitisha kidole gumba juu ya ile herufi, mara mbili, kana kwamba itafutika. Akasema asante. Nilitamani ardhi inimeze. Tangu siku hiyo kila jina linasomwa na mhusika mwenyewe, au mtu wa nyumbani kwake, kabla fundi hajashika patasi.

Mchezaji ameshafariki. Tunafanyaje?

Nendeni kwa familia kwanza, watu wawili au watatu, wakubwa kwa umri. Kama msiba bado mbichi, subirini mpaka baada ya arobaini. Waulizeni nani apokee. Msidhani ni mjane au mtoto mkubwa. Kwetu mama mmoja mzee alitaka apokee mjukuu wa miaka tisa, kwa kuwa ndiye anayelala kwenye chumba cha marehemu. Dua au sala ifuate dini ya marehemu, isifuate ya wenyeji.

Siku yenyewe iendeje?

Iwe fupi. Mgeni rasmi apewe dakika kumi, na risala isomwe na mwanafunzi, si na katibu. Shahidi wa kila anayeenziwa asimame aeleze kisa chake kwa maneno yake, wanafunzi wakiwa wamekaa karibu, chini kwenye nyasi, maana ndio wanaopaswa kusikia. Msiwaweke nyuma ya mahema ya wageni.

Mechi ya wakongwe ni tamu, ila dakika ishirini na tano kila kipindi zinatosha, mabadiliko yawe huru, na awepo muuguzi mwenye kipimo cha presha kabla ya filimbi. Kuna watu wa miaka sitini ambao wakiona mpira wanajiona wa miaka kumi na saba.

Tarehe ipangwe mbali na mitihani, na isigongane na kambi ya UMISSETA. Mkiweza, iwekeni wiki moja kabla timu haijaondoka kwenda mashindanoni, ili vijana waondoke na visa vile masikioni.

Tunaweza kuweka picha na historia yake mtandaoni?

Mkiwa na ridhaa yake ya maandishi, ndiyo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Namba ya simu, ugonjwa na makazi ya mtu havitakiwi kuwa kwenye chapisho lenu. Picha za wanafunzi wa sasa ziombewe ruhusa kwa wazazi wao kupitia shule.

Ikibainika baadaye kwamba aliyeenziwa ametenda ubaya?

Kamati isikilize na iamue, na kama ni jambo la kumdhuru mtoto au kumpiga mke, jina liondolewe ukutani bila kusitasita, na taarifa ifike kwa vyombo husika. Ndiyo sababu siku hizi hatuishii kwa mashahidi wa enzi za shule. Tunakwenda pia anapoishi sasa na kuuliza kwa majirani.

Na mtu akikataa kuenziwa?

Muacheni, kisha mrudieni mwaka unaofuata, kwa adabu. Wengine wanakataa kwa unyenyekevu, wengine kwa kidonda.

Yule nahodha wetu alikataa mara mbili. Mara ya tatu nilikwenda mwenyewe hadi shambani kwake, nikamkuta anapalilia mihogo. Aliniita "mzee wa ndoo," tukacheka. Akasema atakuja kwa sharti moja: waitwe wote waliofungwa naye siku ile. "Na yule kijana aliyevuliwa jezi, mtafuteni," akaongeza. "Yeye alidhalilishwa mbele za watu, na mimi ndiye niliyesababisha. Sikupata kumwomba radhi."

Ilituchukua miezi minne. Waliokuja ni saba kati ya kumi na mmoja. Wawili wameshatangulia mbele za haki, wawili hatukuwapata. Mamluki wetu tulimpata anaendesha karakana ya pikipiki mji wa jirani. Tulipomwambia nani anaenziwa na kwa kisa gani, alinyamaza muda, akafuta mikono kwa kitambaa, akauliza kama nafasi ya shahidi imeshajazwa.

Siku ile alisimama chini ya mwembe, mahali pale pale alipovuliwa jezi, mbele ya wanafunzi wote. Nahodha alimfuata, wakashikana mikono, hawakuachiana. Kipaza sauti kilipomfikia, alianza kwa kutaja jina lake kamili, lake mwenyewe, taratibu, majina yote matatu.